KAMPUNI IKIFA, NANI HULIPWA KWANZA?

Mwezi uliopita ndugu watatu wa tawi letu moja walifika ofisini na swali ambalo tumelisikia mara nyingi. Kiwanda chao kimefungwa, mishahara ya miezi mitano haijalipwa, na langoni amewekwa askari mgeni asiyemjua hata mmoja wao. Lakini yule waliyemwita tajiri miaka yote hiyo angali akionekana mjini na gari lake, na nyumba yake haikuguswa. Wakatuuliza: "Sisi tumemfanyia kazi mtu huyu. Mbona hatuwezi kumdai yeye?"

Jibu lake ni chungu, nasi twaona ni afadhali kulisema waziwazi. Mbele ya sheria hawakumfanyia kazi yeye. Waliifanyia kazi kampuni, na kampuni ni mtu mbali.

Jambo hili asili yake ni kesi ya fundi wa viatu wa London, jina lake Aron Salomon. Mwaka 1892 aligeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya siku zile ilitaka wanachama saba, naye akawapata nyumbani: yeye mwenyewe, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Hisa zilikuwa 20,007. Jamaa zake sita walishika moja moja, na zile 20,001 zikawa zake. Tena kampuni ikaandika kwamba Salomon anaidai pauni 10,000, na mali ya kampuni ikawa rehani ya deni hilo. Biashara ikaharibika upesi. (Migomo ya mafundi wa viatu ilitajwa kortini kuwa sababu mojawapo, kumbe sisi twalaumiwa tangu zamani.) Mali ilipouzwa, fedha zilikwenda kwa wenye rehani, na waliokopesha bila rehani hawakupata kitu. Korti mbili zilisema kampuni ile ilikuwa kivuli tu cha Salomon, basi na alipe. Lakini mwaka 1896 majaji wa House of Lords walikata maneno: kampuni ikisha kuandikishwa ni nafsi nyingine, na deni lake si deni la mwenye hisa. Kanuni hiyo ilikuja Kenya pamoja na sheria za Waingereza, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 ingali inasimama juu yake.

Hatusemi kwamba kanuni hii ilitungwa kwa ajili ya wezi. Kama mtu anunuaye hisa mia angeweza kunyang'anywa shamba lake kwa deni la kampuni, nani angenunua? Viwanda vikubwa vinataka fedha za watu wengi wasiojuana, na watu hao hawatatoa akiba zao pasipo kinga. Hata ndugu zetu waliopanga foleni mwaka 2008 kununua hisa za Safaricom wanalindwa na kanuni hii hii.

Ubishi wetu ni juu ya hasara. Hasara ikiondolewa kwa mwenye hisa haipotei hewani. Humwangukia aliyeikopesha kampuni. Benki yalijua hilo, kwa hiyo hutaka kuona hesabu, huongeza riba ikiona hatari, na hushika hati ya kiwanja na mitambo. Mwenye kuuza malighafi naye ana wateja wengine, na akisikia minong'ono hudai fedha mkononi kabla ya kushusha mzigo. Mfanya kazi je? Yeye hufanya kazi kwanza, hulipwa mwisho wa mwezi. Ikifika tarehe 29 amekwisha kuikopesha kampuni kazi ya siku 29, bila riba, bila rehani, bila kuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa hesabu. Wala hawezi kuigawanya hatari yake kama mwenye hisa awezavyo kununua hisa kidogo huku na kidogo kule. Mikono yake ni miwili na yote imo katika kiwanda kimoja.

Sasa tutazame foleni ya kulipwa. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inaacha majengo na mitambo iliyowekwa rehani mikononi mwa benki. Katika mali inayobaki, gharama za mfilisi hutoka kwanza, ndipo wafanya kazi, kisha kodi ya Serikali. Mtu asomaye upesi atadhani tumeketi mahali pazuri. Lakini mishahara inayohesabiwa hapo ni ya miezi 4 ya mwisho tu, na fungu la kila mtu, pamoja na likizo na malipo ya kupunguzwa kazi, haliwezi kupita Shs. 200,000. Chukua mzee aliyetumika miaka mingi na anayedai Shs. 600,000. Shs. 200,000 zake zimo mbele ya foleni. Shs. 400,000 zimo nyuma kabisa, pamoja na watu wa mboga na watu wa makaratasi, wakingojea makombo.

Nakumatt ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na watu waliidhania haitikisiki. Januari 2018 korti iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ivunjwe. Ilikuwa kampuni ya watu wachache, haikuuza hisa zake sokoni, kwa hiyo haikulazimishwa kutangaza hesabu zake kwa watu wote kama wafanyavyo walio katika Soko la Hisa la Nairobi. Rafu zilionyesha utupu kabla ya karatasi yo yote kusema neno. Waliozipanga rafu hizo walijua mapema, lakini hapakuwa na meza ambapo wangeulizwa.

Hapo ndipo twaona pana kazi. Sheria ya mwaka 2015 inawaamuru wakurugenzi wayafikiri maslahi ya wafanya kazi wanapoamua mambo. Maneno mazuri, lakini wajibu wenyewe ni kwa kampuni. Mfanya kazi hawezi kwenda kortini kuudai. Iko pia njia ya kumlipisha mkurugenzi aliyeendelea kukopa huku akijua kampuni haiwezi kupona, ila mwenye kuifungua njia hiyo ni mfilisi, na mfilisi asiposukumwa hulala. Ujerumani wamekwenda mbele zaidi: tangu sheria ya mwaka 1976, kampuni yenye wafanya kazi zaidi ya 2,000 hutoa nusu ya viti vya baraza la usimamizi kwa wafanya kazi. Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa, ana kura ya kukata shauri, basi hawakukabidhiwa kampuni. Lakini huziona hesabu, na mwenye kuona hesabu hashtukizwi na askari langoni.

Hatutegemei kupata viti hivyo mwaka huu. Twataka Bunge lipandishe kile kipimo cha Shs. 200,000, maana kiliwekwa mwaka 2015 na bei za unga hazikungoja. Twataka pia kila mapatano mapya yawe na kifungu cha kuwaonyesha wawakilishi wetu hesabu zilizokaguliwa, mara moja kwa mwaka.

Na mengine yamo mikononi mwetu wenyewe. Wale ndugu watatu walituambia kwamba makato yao ya NSSF na ya SACCO yalikoma kupelekwa karibu mwaka mzima kabla ya kiwanda kufungwa. Fedha zilikatwa katika mshahara, zikaishia ofisini. Hilo ni kosa la jinai, tena ndilo dalili ya kwanza ya kampuni inayozama: hukopa kwanza kwa yule asiyeuliza. Hakuna aliyekwenda kutazama. Vile vile rehani za kampuni huandikwa kwa Msajili wa Makampuni, na mtu ye yote aweza kulipa ada akaona ni benki gani imeshika nini.

Kwa hiyo kila mwakilishi kazini achukue wanachama watano wa idara yake, alinganishe karatasi zao za mshahara na taarifa za NSSF na SACCO za miezi sita iliyopita, na palipo pengo alete majina na tarehe kwa Katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Madai ya wale ndugu watatu na wenzao yamekwisha kupelekwa kwa mfilisi, kila mtu na hesabu yake, na barua ya pili inamwuliza ni nani aliyetia sahihi mikopo ya mwaka ule wa mwisho.