Kifuko Kilichopasuka Si Jambo la Kuchekwa

Jioni moja tulikuwa katika kantini ya kambi, na mazungumzo yakaangukia habari za wanawake wanaotiwa vifuko vya silikoni vifuani. Mmoja wetu akasema hayo ni mambo ya wacheza sinema wa Marekani. Mwingine akaapa kwamba mkewe akithubutu atarudishwa kwao kesho yake alfajiri. Meza nzima ikacheka, nasi hatudai kwamba tulinyamaza. Lakini sajini mmoja mwanamke, aliyekuwa akinywa chai yake pembeni, aliinuka akatoka bila kuaga. Siku ya pili alitueleza sababu, akaturuhusu tuiandike bila kumtaja. Dada yake alikatwa titi kwa ajili ya saratani, akapelekwa nje ya nchi, na huko akatiwa kifuko cha silikoni mahali pa lile lililoondolewa. Miaka kumi imepita. Sasa kifua kimekuwa kigumu upande mmoja, kinamwuma, naye anaona haya kumwambia mtu yeyote isipokuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Haya hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Silikoni yenyewe, na wengi hawalijui jambo hili, ilianza kazi yake upande wetu sisi watu wa magwanda. Mwaka 1943, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto, kampuni mbili za Marekani, Dow Chemical na Corning Glass, ziliungana kuanzisha kampuni ya Dow Corning. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulitengenezea jeshi vifaa vya silikoni, na miongoni mwavyo ni grisi ya kukinga mitambo ya kuwashia injini za ndege dhidi ya unyevu wa angani. Vita vilipokwisha, silikoni ya majimaji ilianza kudungwa kwa sindano katika matiti ya wanawake huko Japani, na matokeo yake yakawa uvimbe, vidonda na nyama iliyogeuka kuwa kama jiwe. Mwaka 1962, mjini Houston katika jimbo la Texas, madaktari wapasuaji Thomas Cronin na Frank Gerow walitia kwa mara ya kwanza silikoni nzito iliyofungwa ndani ya ganda, yaani kifuko. Hiyo ilikuwa hatua njema, maana kilichofungwa hakitambai. Lakini ganda ni ganda, na halikuumbwa lidumu umri wa mtu.

Hapo ndipo pana jambo ambalo kila mwenye mke, dada au askari wa kike chini yake yafaa alifahamu. Mwili ukipata kitu kigeni hukijengea utando wa kovu pande zote. Ganda la kifuko likipasuka, mara nyingi silikoni hubaki ndani ya utando ule, titi halibadiliki umbo, wala mwenyewe hasikii lolote. Madaktari huita hali hiyo mpasuko wa kimya. Tunalipenda jina hilo kwa sababu sote tumekesha lindoni, na twajua kwamba ukimya wa usiku si ushahidi wa usalama. Aina ya pili ni pale silikoni inapouvuka utando wenyewe ikaingia katika nyama ya titi, pengine ikafika kwapani ikakaa katika matezi, na mara chache ikashuka hadi tumboni au mkononi. Hapo huonekana vinundu, maumivu, ganzi, hisia ya kuungua, au titi kupungua na kwenda upande.

Sababu za kupasuka ni kadha wa kadha. Umri wa kifuko ndio mkubwa, kwa maana kila mwaka unaopita huongeza hatari. Ganda linaweza kukunjika mahali pamoja hadi likachakaa, kama turubai linalokunjwa kila siku kwenye mstari ule ule. Linaweza kuchomwa na chombo cha daktari siku ile ile ya upasuaji, au kupigwa dharuba katika ajali ya gari. Na iko sababu moja inayostahili kukemewa: zamani, utando wa kovu ulipokaza na kulibana titi, madaktari wengine walilishika kwa mikono miwili na kulifinya kwa nguvu mpaka utando ukatike. Ulikatika kweli, lakini mara nyingine na ganda likapasuka pamoja nao. Mtindo huo umeonywa vikali. Mama yeyote akiambiwa leo kwamba titi lake litalainishwa kwa kufinywa, na ashike njia aende zake.

Je, mpasuko hutambuliwaje? Kwa mkono peke yake, hapana. Daktari hodari mwenye vidole vyepesi hukosea mara nyingi, kwa kuwa kifuko kilichopasuka kimya hushikika kama kizima. Eksirei ya matiti ni muhimu sana katika kutafuta saratani, na mwenye kifuko asiache kuifanya, ila amwarifu mpiga picha mapema ili akisogeze kifuko nyuma na kuivuta nyama ya titi mbele. Lakini eksirei haipenyi silikoni. Itaonyesha silikoni iliyotoroka nje ya utando, haitaonyesha ile iliyomwagika ndani yake. Picha ya MRI ndiyo inayosema kweli kupita zote. Ndani yake, ganda lililopasuka huonekana likielea katika silikoni kama tambi zilizopikwa, na madaktari wenyewe wameiita alama hiyo kwa jina la tambi. Kipimo cha ultrasaundi ni cha bei nafuu zaidi. Chenyewe huonyesha mistari iliyopangana kama ngazi pale ganda linapoanguka ndani, na ukungu mweupe pale silikoni inapokuwa imezagaa nje.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa ikishauri mwenye kifuko apigwe picha ya MRI miaka mitatu baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2020 ushauri ulibadilishwa: hata asiyeumwa apimwe mara ya kwanza mwaka wa tano au wa sita, na baadaye kila mwaka wa pili au wa tatu, na safari hii ultrasaundi ikakubaliwa sawa na MRI. Kwetu sisi badiliko hilo ni neema, maana mashine ya ultrasaundi huonekana hata mahali ambapo MRI haijawahi kusikika. Lakini ikiwa ana dalili, au ultrasaundi imeacha shaka, MRI ndiyo itakayoamua.

Kuhusu tiba hatuna haja ya kurefusha. Kifuko kilichopasuka hutolewa, silikoni iliyomwagika husafishwa, na utando wa kovu mara nyingi huondolewa kwa sehemu au wote. Vinundu vya nje vinavyosumbua hukatwa. Silikoni iliyokaa katika matezi ya kwapa kwa kawaida huachwa ikiwa haimsumbui mwenyewe, ila tezi lililovimba sharti lichunguzwe, kwa kuwa kwa macho na kwa mkono halitofautiani na tezi la saratani. Kama atatiwa kifuko kingine au atabaki bila, uamuzi ni wake mwenyewe.

Iko ishara moja ambayo haingoji. Titi lililokaa salama miaka mingi likivimba ghafla kwa maji upande mmoja, maji hayo sharti yavutwe kwa sindano huku ultrasaundi ikiongoza, yapelekwe maabara. Tangu mwaka 2011 wakuu wa Marekani walitoa tahadhari juu ya saratani adimu ya chembe za limfu inayoota katika utando unaozunguka kifuko, hasa vifuko vyenye ganda la kukwaruza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliitambua, na Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa vifuko vyake vya aina hiyo katika masoko ya dunia nzima. Ikigunduliwa mapema, kuondoa kifuko pamoja na utando wote mara nyingi hutosha kumponya mgonjwa. Ikicheleweshwa, hueneza mizizi.

Tusije tukaogopesha watu bure, ni haki kusema na upande wa pili. Mwaka 1992 Marekani iliwekea vifuko vya silikoni mipaka mikali, mashtaka yakafurika mahakamani, na mwaka 1995 Dow Corning ikaomba hifadhi ya sheria ya ufilisi. Lakini mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilipopima ushahidi wote haikuona kwamba vifuko ndivyo vilivyosababisha maradhi ya mwili mzima yaliyodaiwa. Iliona kwamba balaa lake halisi liko pale pale kifuani: kupasuka, kukaza, kuambukizwa, kupasuliwa tena na tena. Mwaka 2006 viliruhusiwa upya kwa masharti. Kwa hiyo mwenye kifuko kilichopasuka hana sumu mwilini ya kumwua usiku huu. Ana kazi ya kufanya hospitalini, nayo aifanye.

Sasa tuje kwa askari polisi, maana kisa cha Ufaransa kinawahusu wao zaidi. Katika mji wa La Seyne-sur-Mer, jirani na bandari ya kijeshi ya Toulon, palikuwa na kiwanda cha Poly Implant Prothèse kilichoanzishwa mwaka 1991 na Jean-Claude Mas. Kiwanda hicho kilijaza vifuko silikoni ya rahisi ya viwandani badala ya ile iliyoidhinishwa. Wakaguzi wa kampuni ya Ujerumani, TÜV Rheinland, walikuwa wakija, lakini ziara zao zilijulikana mapema, na kabla hawajafika mapipa yalifichwa na karatasi zikapangwa vizuri. Ni nani kati yetu asiyefahamu ukaguzi wa namna hiyo? Bweni lililopakwa chokaa jana kwa sababu jenerali anakuja leo halimwambii jenerali kitu. Madaktari wa Ufaransa walianza kunung'unika kwamba vifuko vya kiwanda kile vinapasuka kupita kiasi. Machi 2010 wakaguzi wa serikali waliingia bila taarifa, wakayakuta mapipa yenyewe.

Kufikia hapo wanawake wapatao 300,000 katika nchi zaidi ya 60 walikuwa wameshatiwa vifuko hivyo, 30,000 kati yao Ufaransa peke yake. Polisi wa kijeshi wa nchi hiyo walimhoji Mas. Kesi ilisikilizwa Marseille mwaka 2013, na walalamikaji walizidi 5,000 hata ikabidi kutafuta ukumbi mkubwa wa mikutano. Desemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka minne na faini ya euro 75,000. Alifariki mwaka 2019. Wakaguzi nao hawakusalimika: Mei 2021 mahakama ya rufani ya Paris ilisema walifanya uzembe.

Tungependa afisa wa zamu katika kituo chochote ajiulize, angefanya nini kama mlalamikaji wa kwanza kati ya hao 5,000 angesimama mbele ya kaunta yake? Tunachelea kwamba angetabasamu, akamwita mwenzake aje asikie.

Jambo la mwisho ndilo linalobishaniwa zaidi. Wako wanaosema kwamba aliyetiwa kifuko kwa ajili ya saratani ahurumiwe, bali aliyejitakia urembo alipie msiba wake. Hatukubaliani nao. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wote wenye vifuko vya kiwanda kile wavitoe, na bima ya taifa ikalipia kuvitoa bila kuuliza viliingiaje. Kutia vipya ndiko ilikolipia kwa wale wa saratani tu. Tunauona mpaka huo kuwa wa haki. Askari akivunjika mguu katika mechi ya mpira, hospitali ya jeshi haimwulizi kwa nini alikuwa akicheza. Mfungwa mwenyewe hutibiwa. Silikoni iliyomwagika haijui ilikotoka, na mpango wa tiba wa vikosi vyetu ungepaswa kuwafunika wote wawili kwa hatua ya kuitoa.

Kuna pia suala la kumbukumbu, ambalo kwa askari halihitaji maelezo marefu. Bunduki ina nambari yake, na mlinzi wa ghala anaijua. Kifuko nacho kina nambari, kampuni na aina, na mgonjwa hupewa kadi yenye habari hizo siku ya upasuaji. Wengi huipoteza, kisha kampuni inapotangaza kasoro hawajui kama wamo au hawamo.

Tulimwambia yule sajini kwamba dada yake aanze na ultrasaundi, aombe matezi ya kwapa yatazamwe katika kikao hicho hicho, wala asikubali mtu amdunge sindano ya kienyeji titini, kwani sindano isiyoongozwa yaweza kutoboa hata kifuko kizima. Tukamwuliza habari ya kadi. Akatujibu kwamba imo katika sanduku la nguo, chini ya vitenge, na nambari bado inasomeka.