Mkunga Darasani

Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, katika Bonde la Ufa, alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60, lakini hakujua kusoma. Mwaka 2015, akiwa na umri wa takriban miaka 90, alikuwa akisoma shule ya msingi pamoja na watoto, ambao baadhi yao aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Wao walimwita Gogo, yaani nyanya. Naye aliwasimulia hadithi na desturi chini ya miti. Alitaka kuandika ujuzi wake wa ukunga na dawa za miti, usije ukazikwa pamoja naye. Alifariki mwaka 2022. Mzee anayo maarifa, mtoto anayo kalamu. Basi na wapatane mapema.