Ruta Iko Sebuleni, Ufunguo Uko Ng'ambo

Nina ugomvi na watengenezaji wa ruta za nyumbani, na leo nimeamua kuutoa moyoni.

Hali yenyewe wengi mnaijua. Usiku wa manane ruta inajisasisha. Asubuhi unafungua ile programu ya simu ya kuiendesha, labda ubadilishe neno siri la Wi-Fi kwa sababu jirani ameshalijua, nayo inakwambia eti kifaa hakipo mtandaoni. Wakati huo huo watoto wako sebuleni wanatazama katuni za YouTube kupitia ruta hiyo hiyo! Simu yako yenyewe iko kwenye Wi-Fi hiyo. Sasa habari kwamba ruta haipo zimefikaje kwenye simu, kama si kwa kupitia kwenye ruta?

Ukishajulikana mtaani kuwa unaandika programu, basi wewe ndiye fundi wa kila kitu chenye taa. Mwezi uliopita niliitwa na dada mmoja anayefanya kazi ya kunakili sauti kuwa maandishi kwa wateja wa nje, kazi inayolipwa kwa dakika. Baada ya sasisho, programu ilikataa kuiona ruta. Akaifuta na kuiweka upya, ikakataa bado. Akapiga simu ya huduma kwa wateja, akaambiwa achukue pini abonyeze kile kitundu cha nyuma. Akabonyeza. Ruta ikarudi ilivyotoka kiwandani, na jina na neno siri vya PPPoE ambavyo fundi wa intaneti aliviweka siku ya kuvuta waya vikafutika. Hapo sasa hata intaneti ikapotea. Siku mbili hakufanya kazi, na siku hizo hakuna atakayemlipa.

Na shida ya mwanzo ilikuwa nini? Ruhusa moja tu kwenye simu. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, iPhone humuuliza mwenye simu kama programu inaruhusiwa kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani. Alipoiweka upya aliulizwa, akagusa "hapana", kama mtu yeyote mwenye tahadhari angefanya. Programu haikumwambia kwamba imenyimwa ruhusa. Ilisema tu ruta haipo.

Kwa wasiojua, ndani ya ruta mna programu dhibiti, ndiyo inayosasishwa usiku. Ile ya kwenye simu ni nyingine kabisa, na ina njia mbili za kuongea na ruta. Moja ni ya moja kwa moja, simu na ruta zikiwa kwenye Wi-Fi moja. Ya pili ni ya kuzunguka: ruta inafungua mawasiliano na seva ya kampuni huko ng'ambo, simu nayo inaongea na seva hiyo, na seva inapitisha maagizo katikati. Yaani amri inatoka kwenye kochi, inavuka bahari, inarudi kwenye meza ya televisheni.

Sasisho linaweza kuziharibu zote. Lugha ya ruta imebadilika lakini programu ya simu ni ya zamani. Au ufunguo uliokuwa ukiifunga ruta na akaunti yako umefutwa. Au, na hili huwachanganya hata mafundi, ruta imewaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Mpaka zipate saa kutoka mtandaoni, vyeti vya usalama vya seva huonekana batili na mazungumzo yanakataliwa.

Msinielewe vibaya, masasisho ni lazima. Mwaka 2018 virusi vya VPNFilter vilikutwa kwenye vifaa zaidi ya 500,000, ruta za nyumbani na za ofisi ndogo, katika nchi zisizopungua 54. Anayekushauri uzime masasisho anakupoteza. Ugomvi wangu ni huu: kwa nini kampuni inibadilishie kufuli usiku, halafu ufunguo mpya ubaki kwake?

Wala si jambo la jana. Mwaka 2012 Cisco, waliokuwa na Linksys wakati huo, walituma sasisho kwa baadhi ya ruta za aina ya EA. Wenyewe walipotaka kuingia kwenye ruta zao wakakuta wanatakiwa kufungua akaunti ya wingu la Cisco. Watu walipiga kelele, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma na kueleza jinsi ya kurudia programu dhibiti ya zamani. Februari 2017 hitilafu ya akaunti za Google ikazifanya ruta nyingi za Google Wifi na OnHub zijifute mipangilio. Hitilafu ilikuwa kwenye akaunti, si kwenye ruta. Na ruta hizo hazikuwa na ukurasa wa kivinjari wa kuziendesha, kwa hiyo ulitegemea programu ya simu au ukae.

Basi programu ikikuchezea, usikimbilie pini. Subiri kwanza dakika kumi ruta ipate saa. Zima data ya simu, maana simu ikihisi Wi-Fi inasuasua huruka kwenye bando kimyakimya, na ukiwa kwenye bando huwezi kuiona ruta kwa njia ya moja kwa moja. Zima VPN. Hakikisha hauko kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa kuwa hiyo hutengwa na ruta kwa makusudi. Kwenye iPhone angalia ruhusa ya Local Network. Kwenye Android angalia ruhusa ya mahali, kwa sababu programu nyingi hazisomi hata jina la Wi-Fi bila ruhusa hiyo. Sasisha pia programu ya simu yenyewe.

Ikigoma bado, achana nayo. Ingia kwenye maelezo ya Wi-Fi ya simu yako, utafute nambari iliyoandikwa Router au Gateway. Kwenye tarakilishi ya Windows andika ipconfig, usome mstari wa Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Iandike kwenye kivinjari ukianza na http://, na ukurasa wa ruta ufunguke. Kivinjari kikilalamika kuhusu cheti, na una hakika uko kwenye Wi-Fi yako na nambari umeisoma mwenyewe, endelea. Tumia nambari, si jina la tovuti lililobandikwa chini ya ruta. Mwaka 2016 iligundulika TP-Link wameacha jina la tplinklogin.net liishe muda likachukuliwa na wengine, ilhali lilikuwa limechapishwa kwenye ruta zao.

Ukishaingia, hifadhi nakala ya mipangilio na uandike jina na neno siri vya PPPoE kwenye karatasi. Karatasi, ndiyo. Bila hivyo, kile kitundu ni hatari.

Sasa kuna ruta mpya zinazouzwa bila ukurasa huo, au zenye ukurasa unaokuonyesha taa za rangi na kukwambia "pakua programu yetu". Hapa ndipo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inapaswa kuingia. Tayari vifaa vya mawasiliano lazima viidhinishwe nayo kabla ya kuuzwa hapa. Kipengele kimoja kiongezwe: mwenye ruta aweze kuiendesha akiwa nyumbani kwake, bila akaunti na bila seva ya nje, kabla ya sasisho na baada yake. Uingereza tangu Aprili 2024 imepiga marufuku maneno siri ya kiwandani yanayofanana kwa kila kifaa, na inawalazimu watengenezaji kutaja muda watakaotoa masasisho ya usalama. Kumbe sheria za namna hii zinawezekana.

Kabla hawajafika huko, ukienda Luthuli Avenue kununua ruta usiulize ina antena ngapi. Mwambie muuzaji aiwashe pale pale bila intaneti, afungue ukurasa wake kwenye kivinjari, abadilishe jina la Wi-Fi mbele yako. Akianza kukutajia akaunti, mrudishie kiboksi chake uende duka linalofuata.