Acheni kuhesabu visima

 

Miaka miwili iliyopita niliandika programu ya kuorodhesha visima na mifereji ya shirika moja ambalo sitalitaja. Fomu waliyonipa ilikuwa na nafasi ya tarehe ya uzinduzi, jina la mgeni wa heshima, picha, na idadi ya watu waliofaidika. Nikauliza: mbona hakuna nafasi ya kuandika kama maji yanatoka leo? Nikajibiwa kwamba mfadhili hakuuliza hilo. Nikaiongeza. Wakaniambia niitoe.

Hebu fikiria nimpelekee mteja picha yangu nikikata utepe kando ya seva, kisha nimwambie kazi imekwisha. Seva ikiwa imezima, atanilipa? Sisi watu wa tarakilishi hufutwa kazi kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini katika maji ya maskini, utepe ndio kipimo.

Wala si shirika hilo peke yake. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba lengo la milenia kuhusu maji lilifikiwa mwaka 2010, miaka mitano kabla ya wakati. Walipimaje? Waliangalia aina ya chanzo: bomba, kisima kilichofunikwa, chemchemi iliyojengewa. Maji yenyewe hayakuwa sehemu ya kipimo. Malengo mapya ya 2015 yakadai zaidi: maji yawe pale nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na uchafu. Kwa mwaka huo huo wa 2015, kipimo cha zamani kilisema watu milioni 663 hawakuwa na chanzo bora. Kipimo kipya kikasema watu bilioni 2.1 hawakuwa na maji salama pale nyumbani. Hakuna aliyevunja mabomba usiku. Jaribio lilibadilika, hitilafu zikaonekana.

Sasa tuje hapa kwetu. Huko Busia, watafiti akiwemo Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, walifuatilia karibu chemchemi 200, wakichagua kwa kura zipi zitangulie kujengewa. Palipojengewa, bakteria wa E. coli walipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi. Nyumbani walipungua kwa asilimia 24 tu. Maji huchafuka tena njiani na nyumbani: mtungi mchafu, mikono, kikombe kinachochovywa. Wangepima kwenye chemchemi pekee, wangeandika 66, wakapiga picha na kwenda zao.

Najua kuna atakayesema: watu wana kiu, wewe unaleta habari za vipimo! Ndugu yangu, utafiti huo huo ulionyesha kwamba kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa karibu robo. Kupima hakukuua mradi. Kulionyesha kazi iliyobaki iko wapi. Na huko huko Magharibi kukajaribiwa vifaa vya kutoa klorini vinavyowekwa kando ya chanzo: mama anajaza mtungi, anazungusha kijiti, klorini inaingia, na inaendelea kuua vijidudu hata baada ya kufika nyumbani.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hakisemi haki ya kisima. Basi kila kaunti na kila shirika lijibu maswali matatu. Maji yanatoka leo? Yamepimwa ndani ya mtungi, nyumbani kwa mtu? Pampu ikiharibika, nani anamlipa fundi? Hili halihitaji teknolojia ya ajabu. Jibu la swali la kwanza linaweza kuja kwa ujumbe mfupi kutoka simu yoyote ile.

Na nyinyi waandishi wa programu wenzangu, mkipewa fomu isiyo na nafasi hizo, kataeni. Mimi niliambiwa niitoe, nikaitoa, nikalipwa. Hadi leo sijui ni visima vingapi kati ya vile nilivyoviorodhesha vinatoa maji.