Noti Yenye Kosa: Mnunuzi wa Kweli Haombi Pesa Kwanza

Mama mmoja wa Njoro, mteja wetu, alipata noti ya zamani ya shilingi 20 ndani ya Biblia ya marehemu baba yake. Namba zake mbili hazikulingana. Akaipiga picha, akaiweka kwenye kundi moja la Facebook, na kabla ya jioni alikuwa na mnunuzi: laki tatu, ila atume kwanza 2,500 za usajili. Akatuma. Kisha 4,000 za kibali. Akatuma tena, na ya kutolea juu yake. Hiyo ilikuwa karo ya mtoto.

Hapa tukubali kosa letu. Kila siku tunawaambia msimpe mtu namba ya siri. Mama huyu hakumpa mtu. Alituma mwenyewe, na onyo letu halikumsaidia chochote. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha ni shida. Kama umetuma, tupigie saa hiyo hiyo.

Hatusemi noti zenye makosa ni porojo. Zipo, na wakusanyaji wapo. Mtambo ukiruka namba, ama karatasi ikikatwa vibaya hadi kipande cha noti jirani kionekane, mkusanyaji atavutiwa. Lakini atataka kujua kama kosa lilitoka kiwandani ama ni suruali iliyofuliwa na noti mfukoni (hizo tunaziona sana). Pia ataangalia mikunjo: noti iliyozunguka soko la Wakulima miaka kumi imechakaa, na bei yake hushuka hata kama kosa ni la kweli. Hayo yote hayaonekani kwa picha ya simu. Lazima aishike, aimulike. Sasa huyu wa laki tatu, ambaye hajaishika, amejuaje?

Inayotusumbua zaidi ni ile ya thao ya zamani. Noti mpya zilizinduliwa Narok, jirani zetu, Juni 1, 2019, na ya zamani ya 1,000 ikakoma kuwa pesa halali baada ya Septemba 30 mwaka huo. Benki Kuu ilitangaza kuwa noti 7,386,000 hazikurudishwa. Hata kama nyingi zilichomwa ama kuliwa na mchwa, kitu cha mamilioni si adimu. Anayekuambia ni dhahabu anakuchezea. Zile za 50, 100, 200 na 500 za zamani bado ni pesa halali, kwa hivyo ukikosa mnunuzi, nunua unga.

Kama unadhani yako ina kosa la kweli, usiioshe, usiipige pasi, usiibandike selotepu. Iweke kwa kitabu. Anayeitaka aje Nakuru mjini mchana, mkutane ndani ya benki, aitazame na alipe yeye.

Noti ya mama wa Njoro imerudi ndani ya Biblia. Hakuna aliyewahi kuja kuiona.