Safari ya Mwanafunzi na Mfuko Wake

Mzee mmoja katika wasomaji wetu ametuandikia kutaka shauri. Mwanawe yuko Cairo, ajifunza lugha ya Kiarabu. Masomo yakifungwa kwa likizo ya majira ya joto, kijana ataka kwenda Istanbul pamoja na wenziwe, na fedha aliyonayo ni kodi ya chumba ya miezi mitatu. Baba auliza: nimkataze au nimwache?

Ndugu zetu, kusafiri si kosa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani tutembee katika ardhi tupate kuzingatia. Tena kijana aliyetumwa kutafuta lugha, akajifungia chumbani na watu wa kwao akizungumza Kiswahili usiku na mchana, huyo naye apoteza mali ya babake. Basi twamwambia mzee: usimkataze safari, lakini msaidie kuichagua.

Natumtazame Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria, akafiwa na babake angali mtoto, mamake akamchukua Makka. Hawakuwa na cha kumlipa mwalimu, na kwa uhaba wa karatasi akiandika juu ya mifupa. Alipotaka Kiarabu kilicho fasihi, hakuenda kwenye mji wa fahari. Alikwenda jangwani kwa kabila la Hudhail, akakaa nao na kuhama nao, mpaka lugha yao ikawa yake. Alifariki Misri mwaka 204 Hijria, na kaburi lake liko Cairo. Kulizuru, kijana wetu atalipa nauli ya basi la mjini tu.

Akitaka kwenda mbali zaidi, Iskandaria iko yapata kilomita 200, na reli yake ilikamilika tangu mwaka 1856. Apande gari la moshi la daraja ya chini, lisimamalo vituo vingi, aketi na wakulima na wachuuzi. Humo atasikia maneno yasiyomo kitabuni mwake. Huko amezikwa Imamu Busiri, mtungaji wa Burda isomwayo majumbani mwetu. Lakini asilale siku nyingi, maana Wamisri wenyewe huikimbilia bahari ile joto likizidi, na vyumba hupanda bei. Na kwa masafa hayo ana ruhusa ya kupunguza Sala, zawadi ambayo Mola humpa msafiri tajiri na maskini sawasawa.

Istanbul ni mji mtukufu, lakini wenyeji wake husema Kituruki. Siku yake itafika, inshallah.

Ama fedha, kwanza aandike kodi, chakula na ada ya kibali cha kukaa, aziweke kando, asiziguse. Katika zilizobaki atenge nauli ya kurudi kabla ya nauli ya kwenda. Wala asikope: Mtume (S.A.W.) akimwomba Mungu katika Sala yake amkinge na deni. Kodi ile ni amana. Baba aliitoa kwa kazi moja, na kuitumia kwa nyingine bila idhini yake ni khiyana, ijapokuwa mwenye kuitumia ni mwanawe.

Nanyi wazazi, mkiwapigia simu vijana wenu, msiwaulize fedha imebaki kiasi gani tu. Waulizeni pia: leo umezungumza na nani?

Wabillahi taufiki.