Daftari la Wiki: Chemsha Bongo na Watunzi wa Maswali

Mashindano ya maswali ya televisheni, ambayo Watanzania wengi huyaita chemsha bongo, husifiwa kwa ajili ya washindi wake na mara chache kwa ajili ya kanuni zake, ilhali kanuni ndizo zinazoamua ni ujuzi gani utakaohesabiwa kuwa ujuzi. Ukitazamwa kutoka kata za Mnero Miembeni, Mnero Ngongo na Kipara Mnero, wilayani Nachingwea, na vijiji vya jirani vya upande wa Ruangwa, mchezo huu una mchezaji mmoja asiyeonekana kwenye kioo, naye ni mtunzi wa maswali.

* * *

Mfano mkubwa kwa Afrika Mashariki ulikuwa Celtel Africa Challenge, shindano lililoanza mwaka 2007 na baadaye kuitwa Zain Africa Challenge, ambalo liliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika chini ya uongozi wa John Sibi-Okumu, mwigizaji na mwanahabari wa Kenya. Mtindo wake ulitokana na College Bowl ya Marekani, iliyoanzia redioni mwaka 1953 na kuzaa University Challenge ya Uingereza mwaka 1962. Katika mtindo huo kila timu huwa na wachezaji wanne, na huanza kuulizwa swali la kinyang'anyiro, yaani swali linalojibiwa na yeyote aliyewahi kubonyeza kitufe, bila kushauriana na wenzake. Akipata, timu yake hupewa maswali ya ziada ambayo sasa wanaruhusiwa kuyajadili kwa pamoja. Ubora wa mpangilio huu ni kwamba unapima mambo mawili yasiyofanana, wepesi wa mtu mmoja na busara ya kikundi, na timu yenye bingwa mmoja tu hugundua upesi kwamba bingwa hatoshi.

Udhaifu wake ulikuwa kwa mfadhili. Shindano lilibeba jina la kampuni ya simu, likabadili jina kampuni ilipobadili jina, na mwaka 2010 Zain ilipoiuzia Bharti Airtel ya India sehemu kubwa ya mitandao yake ya Afrika, shindano nalo likafifia. Ni hasara ya kweli, kwa sababu ni nadra sana televisheni kumwonyesha mwanafunzi wa chuo kikuu akishangiliwa kwa kujua.

* * *

Ghana imefika mbali zaidi kwa shindano la shule za sekondari la sayansi na hisabati, lililoanza mwaka 1993 na ambalo bado linaendelea. Muulizaji wa kwanza alikuwa Marian Ewurama Addy, profesa wa baiokemia, na tangu mwaka 2006 kiti hicho kimeshikwa na Elsie Effah Kaufmann, mhandisi wa tiba. Kwa hiyo vizazi vya watoto wa Ghana vimekua vikiona kwamba anayeuliza maswali magumu ya sayansi ni mwanamke. Shule tatu hupambana kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na wachezaji wawili. Katika raundi ya kweli au si kweli, jibu sahihi huleta alama mbili na jibu lisilo sahihi hupunguza alama moja, lakini mchezaji anaruhusiwa kuliacha swali, kanuni inayomfundisha kijana kuupima ujuzi wake mwenyewe kabla ya kufungua kinywa.

Raundi ya mwisho ni ya mafumbo. Muulizaji hutoa dokezo moja baada ya jingine kuhusu kitu kimoja, na anayekitambua kwa dokezo la kwanza hupata alama tano, kwa la pili nne, kwa la tatu na kuendelea tatu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana, kwa kuwa kitendawili nacho ni mashindano yenye kanuni kamili: mtegaji hutangaza, wasikilizaji hujibu "Tega!", na wakishindwa hudaiwa mji, nao humpa mji wowote wautakao, uwe Lindi au Ruangwa, ndipo mtegaji ausifie mji wake na kulifichua jibu. Aliyeshindwa hulipa, lakini haondoki bila kujifunza, na hapo kitendawili kinaizidi televisheni, ambayo mara nyingi humtoa aliyekosa na kumsahau.

* * *

Uaminifu wa watayarishaji haupaswi kuchukuliwa kuwa jambo la hakika. Katika miaka ya 1950 kipindi cha chemsha bongo cha Twenty-One cha Marekani kilimpa mshiriki wake Charles Van Doren majibu mapema, kwa kuwa watazamaji walimpenda. Mwaka 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka uliofuata sheria ikafanya udanganyifu wa namna hiyo kuwa kosa.

* * *

Upo upendeleo mwingine usiohitaji hila yoyote, nao umo ndani ya uteuzi wa maswali. Mtunzi aliyekulia mjini huuliza kuhusu vitu vilivyomzunguka, na mtoto wa Mnero huonekana hajui. Swali likigeuzwa, hali hugeuka pia. Ni mradi gani wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulioifanya Nachingwea ijengewe reli ambayo baadaye iling'olewa? Ni Mpango wa Karanga. Ni chama gani cha ukombozi kilichowafunza wapiganaji wake Nachingwea chini ya Samora Machel? Ni FRELIMO. Kangomba ni nini? Ni ununuzi haramu wa korosho nje ya mfumo rasmi, ambao humnyonya mkulima mwenye shida ya fedha. Ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia zao gani, na hupuliziwa nini? Hushambulia mkorosho, na hupuliziwa unga wa salfa. Hakuna hata moja kati ya maswali haya lililo dogo. Yanagusa historia ya ukoloni, ukombozi wa Msumbiji, uchumi na sayansi ya mimea.

Linabaki suala la lugha, ambalo ni zito kuliko yote. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, akifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na shindano linaloendeshwa kwa Kiingereza kwa kasi ya kitufe humpima wepesi wa kutafsiri kabla ya kumpima ujuzi. Waamuzi wa mashindano haya hushika karatasi ya majibu yanayokubalika, iliyoandikwa kabla ya kipindi kurekodiwa, na kituo chochote cha Tanzania kitakachoanzisha shindano la shule kinapaswa kuhakikisha kwamba katika karatasi hiyo ubwiriunga unapata alama sawasawa na jina la kisayansi la kuvu anayeusababisha.